Saladi ya Bustani Namba Kumi na Saba

Hapana, hakufa mtu. Kila anayesimuliwa kisa hiki huuliza hilo kwanza, basi tulimalize mapema. Waliugua tumbo watu kumi na mmoja, na mzee Wrobel akalazwa siku mbili, ametundikiwa dripu. Siku ya tatu alirudi, akaenda moja kwa moja kumwagilia nyanya zake. Lakini ni kweli, kilichowaumiza ni saladi ya makaroni. Na aliyeipika ni Maike.

Wakati huo Maike alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake, Silke, ni dereva wa basi hapa Herne, mji wa zamani wa migodi. Mdogo wake anaitwa Till, ana miaka kumi na miwili na simu isiyotoka mkononi. Baba yao yuko mbali, mji wa Bremen, hupiga simu Jumapili. Bustani yao, moja ya vile viwanja vidogo ambavyo chama hukodisha kwa wakazi wa mji, ni namba kumi na saba, ile ya nyuma ya reli, yenye kibanda cha kijani na mti wa tufaha ulioinama. Ilikuwa ya bibi yao, Lore, mama yake Silke. Alipofariki akawaachia bustani, kibanda, na daftari moja la mapishi.

Kwenye bustani zetu kila mwaka kuna sherehe ya kiangazi. Ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Chama kinatoa mkaa, soseji na bia, na kila bustani inaleta chakula chake. Kwenye ubao wa lango hutundikwa karatasi, na kila mtu anaandika ataleta nini. Bibi Lore aliandika neno lile lile miaka thelathini: saladi ya makaroni. Watu walikuwa wanaanza na bakuli lake kabla hawajagusa soseji.

Basi mwaka ule wa kwanza bila bibi, Silke alikuwa na zamu, na Maike akasema atapika yeye. Akafungua daftari. Makaroni, mayonezi ya kupiga mwenyewe kwa viini vya mayai mabichi, matango ya siki, vipande vya soseji. Chini kabisa bibi alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, "Ilale usiku mzima, ndipo inashika ladha."

Maike akapika Ijumaa jioni, akaipeleka kwenye nyumba ya chama ilipo friji kubwa. Friji ilikuwa imejaa bia hadi mlangoni. Bia ya sherehe huwekwa Ijumaa, ni hivyo tangu enzi za migodi, na hakuna aliyewahi kuihamisha. Maike akaona haya kuuliza. Kulirudisha bakuli nyumbani aliona ni mbali, akaliweka kwenye kibanda chao, chini ya meza, akalifunika kitambaa kisafi. Ikalala usiku mzima kama daftari lilivyosema. Usiku wenyewe ulikuwa wa joto, wa kulala bila shuka. Asubuhi kibanda kikapigwa jua.

Yaliyobaki unayajua. Saladi ilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililowaponza.

Mwaka mzima baada ya hapo Maike hakupita lango kuu. Alikuwa anazunguka kwenye kijilango cha nyuma, karibu na mapipa ya takataka, ili asikutane na watu. Hakuna aliyemtukana, hapana. Lakini maneno madogo yalikuwepo. Mtu akishika tumbo tu kwa shibe, mwingine anamuuliza kama amepita namba kumi na saba. Watu wanacheka. Mtoto wa miaka kumi na mitano anasikia kila neno, hata lile lililosemwa ng'ambo ya ua.

Kisha ikaja karatasi ya mwaka uliofuata. Maike aliiona siku hiyo hiyo ilipotundikwa. Wengine wote nafasi zao zilikuwa tupu, wajaze wenyewe. Mbele ya namba kumi na saba kulikuwa kumeshaandikwa kwa mwandiko wa mwenyekiti Pohl: vikombe vya karatasi.

Vikombe vya karatasi haviwezi kumdhuru mtu, hiyo ndiyo maana yake. Bakuli la bibi yake la miaka thelathini limegeuka vikombe vya karatasi, na aliyeligeuza ni yeye. Akapita kijilango cha nyuma kama kawaida.

Huko nyuma ndiko iliko bustani ya mzee Wrobel.

Eugen Wrobel ana miaka sabini na minane, mikono mikubwa kama mabeleshi. Zamani alikuwa mpishi wa kantini ya mgodi wa makaa ya mawe. Alilisha wanaume mia nane kila siku, zamu tatu, mpaka mgodi ulipofungwa. Tangu mkewe aondoke anapikia mtu mmoja, na anasema hajazoea mpaka leo, kila mara supu inabaki ya wiki nzima.

Siku hiyo alikuwa anamwagilia. Akamwona Maike anapita ameinamisha kichwa.

"Wewe binti," akasema, "mbona unapita kama umeiba kabichi? Njoo unishikie mpira huu."

Maike akaushika ule mpira wa maji. Ni mwaka hajamtazama mzee huyu usoni. Hata hospitali hakwenda kumwona. Alifika hadi kituo cha basi mbele ya geti, na maua mkononi, akageuka. Sasa akaanza kusema, babu Wrobel, mimi nilitaka tu kusema, na maneno yakamkwama.

Mzee akamkatiza. "Nilikula sahani tatu. Ya kwanza ni kosa lako. Ya pili tugawane. Ya tatu ni ulafi wangu mwenyewe, na daktari aliniambia hivyo hivyo."

Maike akacheka, na kicheko kikageuka machozi. Mzee akamwelekeza tu amwagilie upande wa pili, maharage yana kiu. Machozi yalipokwisha akamuuliza, lile bakuli lililala wapi.

Akamweleza yote. Friji, bia, kibanda, kitambaa kisafi, daftari la bibi.

Mzee Wrobel akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatikisa kichwa. "Lore, Lore," akasema. Kisha akamweleza. Bibi yake alikaa miaka arobaini kwenye nyumba za wachimba migodi, na kila nyumba ilikuwa na chumba cha chini ya ardhi. Kule chini kulikuwa na baridi hata mwezi wa nane, ukitoa chupa unaona jasho lake. Saladi ya bibi ililala kule. Baadaye alipohamia gorofani aliilaza kwenye friji yake, hakuhitaji kusoma daftari. Hakuandika "mahali pa baridi" kwa sababu wakati ule kila mtu alijua. Ilikuwa kama kuandika "ingia mlangoni".

"Kwa hiyo daftari halikukosea," Maike akasema.

"Halikukosea. Lilisahau tu kwamba litasomwa na mtu anayeishi gorofa ya tatu." Akainuka. "Jumapili saa nne asubuhi njoo na mdogo wako. Mje na mikono misafi tu, kila kitu kingine ninacho."

Jumapili wakaenda. Till alikwenda kwa sababu aliahidiwa chakula. Mzee anaishi karibu na bustani, jiko lake dogo lakini linang'aa. Kabla hawajagusa kitu akawatuma kunawa. Till akarudi haraka mno. Mzee akaitazama mikono yake, akamrudisha. Akamwambia anawe kwa sabuni mpaka amalize kujiimbia wimbo wa kuzaliwa mara mbili, na katikati ya vidole asiparuke. Till akaimba kwa sauti kubwa ya kukomoa. Mzee akasema sauti mbaya lakini mikono sasa mizuri.

Wakaanza na maji. Sufuria kubwa, maji mengi, lita moja kwa kila gramu mia za makaroni, ili yaogelee yasigandane. Maji yakichemka kwa nguvu, hapo ndipo chumvi, kijiko kidogo kwa kila lita. Ndipo makaroni. Akawaonyesha pakiti, dakika zimeandikwa ubavuni, kumi na moja. Akampa Till kazi ya kuangalia saa. Maike akafundishwa kukata karoti: vidole vimekunjwa kama makucha ya paka, kisu kinapita mbele ya vifundo, hakuna anayekatwa.

Till aliangalia saa kwenye simu. Na kwenye simu kulikuwa na magoli ya jana.

Mzee alipouliza dakika ngapi, Till akaficha simu mfukoni. Wakafungua sufuria. Makaroni yalikuwa yamekuwa uji.

Maike akaona aibu kwa niaba ya wote, akataka kuyamwaga. Mzee akamzuia. Akatia siagi kidogo na jibini ya kukwaruza, akagawa sahani tatu, wakala. Akasema kantini hawakutupa chakula kwa sababu kimelainika, wachimbaji wenye meno mabovu walishukuru. "Lakini saladi haipikwi na uji. Makaroni ya saladi uyang'ate, nayo yakung'ate kidogo. Jumapili ijayo saa itakuwa ya ukutani."

Jumapili ya pili saa ilikuwa ya ukutani, na simu ya Till ilikuwa kwenye droo ya vijiko. Dakika ya kumi wakaonja. Dakika ya kumi na moja wakamwaga kwenye chujio, wakapitisha maji baridi ya bomba mpaka mvuke ukaisha, wakayakung'uta vizuri. Wakayaweka kwenye sinia, yametandazwa.

Maike akauliza kwa nini yatandazwe, si bakuli lipo.

Hapo mzee akavuta kiti. Hili ndilo alilotaka kuulizwa. Akawaeleza kwamba vijidudu vipo kila mahali, havionekani, havinuki, havina ladha. Ukivipa chakula chenye unyevu na ukavipa joto, vinazaliana haraka sana. Makaroni yaliyorundikwa kwenye bakuli yanapoa nje tu, katikati yanabaki na joto masaa. Ukiyatandaza yanapoa mara moja. Yakishapoa yanaingia friji, wala yasikae nje zaidi ya saa mbili. Siku ya joto kali, saa moja tu basi.

"Ni kama kambi ya vijana," akasema. "Ukiwapa mahali pa joto na chakula cha bure, kesho hawaondoki, na wamewaita wenzao."

Till akasema hiyo inamhusu yeye moja kwa moja. Mzee akasema ndiyo.

Maike akauliza kuhusu mayai. Yai bichi, mzee akajibu, ndilo vijidudu vinalipenda kuliko vyote. Mgonjwa, mzee, mama mjamzito, mtoto mdogo, hao wasipewe kabisa. Kuonja hakusaidii, maana kilichoharibika hivyo bado ni kitamu. "Mimi mpishi wa miaka thelathini nilionja yako," akasema, "nikaongeza sahani."

Kwa hiyo mayai wakayachemsha dakika kumi, mpaka kiini kikashika. Na mayonezi akaiweka pembeni.

Till akalalamika. Saladi bila mayonezi ni nini, si majani tu. Mzee akamwambia kwamba wachimbaji walikula mafuta mengi kwa sababu walishuka mita mia nane wakavunja mawe kutwa, jioni yote yameshaungua. "Wewe unachimba nini? Simu?" Badala yake akachukua mtindi wa kawaida usio na sukari, vijiko vikubwa sita. Akatia haradali kijiko kimoja, mafuta ya mbegu vijiko viwili, siki kiasi, na kidogo ya yale maji ya kwenye chupa ya matango ya siki, ambayo watu humwaga. Chumvi kidogo, maana matango yameshabeba. Pilipili manga. Akamwambia Till akoroge, aonje. Till akaonja mara nne, mpaka akanyang'anywa kijiko na kupewa kingine kisafi.

Halafu mboga. Hapa Maike alishangaa, kwa sababu daftari la bibi lilikuwa na mboga kiganja kimoja. Mzee alitaka mboga ziwe nyingi kama makaroni, zizidi ikiwezekana. Karoti, pilipili hoho nyekundu, njegere, figili kutoka bustanini, nyanya ndogo. Kopo la maharage, yakasuuzwa maji yake yakatoka. Maharage na mayai yanajenga mwili, akasema, mboga zinaulinda, na makaroni yanaupa nguvu ya kutembea. Makaroni yenyewe safari hii yalikuwa ya ngano isiyokobolewa, rangi ya udongo. Hayo yanakaa tumboni muda mrefu, saa moja baadaye hutafuti biskuti. Kila kitu kikatwe kidogo kama makaroni yenyewe, ili kila kijiko kibebe cha kila aina. Nyanya na majani ya vitunguu mwisho kabisa, visije vikalowana.

"Na ile ya kulala usiku mzima?" Maike akauliza.

"Masaa matatu kwenye friji yanatosha. Ikilala usiku, iwe friji hiyo hiyo, imefunikwa. Si kibanda."

Waliondoka na kopo kubwa la kwenda nalo nyumbani, limefunikwa vizuri, ndani ya mfuko wenye barafu.

Sasa Silke. Kazi yake ni masaa manane amekaa, mguu kwenye breki, abiria wanamlalamikia mvua kana kwamba ameinyesha yeye. Chakula chake kilikuwa mkate wa soseji wa kioski. Jioni pizza iliyogandishwa, kila mtu chumbani kwake. Siku ile alirudi, akafungua friji, akaliona lile kopo la saladi. Akauliza nani amenunua. Till akasema ni wao, na Maike akasimama mlangoni.

Silke aliitazama saladi ya makaroni kwa mashaka, kwa sababu na yeye alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Maike aliona. Akamweleza mama yake hatua kwa hatua: ilipoa wapi, ilikaa nje dakika ngapi, mayai yamechemka kiasi gani. Silke akasikiliza yote. Kisha akachukua uma. Akala akiwa amesimama, halafu akavuta kiti akakaa, na watoto nao wakakaa. Hawakuwa wamekaa meza moja siku ya kazi tangu bibi afariki.

Kesho yake akaibeba kazini kwenye kopo, na mfuko wa barafu. Jioni akasema saa tisa mchana, ule wakati anaokuwa anapigana na usingizi barabarani, hakusinzia. Tangu hapo ikawa kawaida. Siku za zamu Maike na Till wanapika, wakati mwingine na dengu badala ya maharage, wakati mwingine na samaki wa kopo. Till akawa mtu wa saa ya ukutani. Ukimwambia dakika kumi na moja, unapata kumi na moja.

Jumapili ya tatu Maike akapita lango kuu. Akasimama kwenye ubao. Akatoa kalamu, na chini ya "vikombe vya karatasi" akaandika "na saladi ya makaroni".

Mwenyekiti Pohl alimkuta siku ile ile. Detlef Pohl si mtu mbaya. Anapima ua wa kila mtu kwa futi, lakini pia ndiye anayewachimbia wazee wasioweza. Akamzungusha kwa maneno. Kamati inaona, watu bado wanakumbuka, labda mwakani, vikombe navyo ni muhimu, bila vikombe watu watanyweaje.

"Vikombe nitaleta, mwenyekiti," Maike akasema. "Na saladi nitaleta. Asiyetaka atakunywa tu."

Pohl akakuna shingo. Akasema haya, lakini asilaumiwe.

Usiku wa kuamkia sherehe Maike hakulala vizuri. Hofu yake haikuwa saladi, saladi aliijua sasa. Alihofia bakuli litakaa mezani hadi jioni, limejaa, na kila mtu ataliona limejaa. Hapo bakuli la bibi Lore litakuwa limekwisha kabisa, na halitarudi.

Asubuhi Maike na Till walipika, Silke akiwa zamu. Walikata, walipoza, wakaweka friji ya nyumbani. Saa sita wakaibeba kwenye kasha la barafu. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Wakafika nyumba ya chama, Maike akafungua friji kubwa.

Bia hadi mlangoni.

Ilikuwa friji ile ile, na rafu zile zile. Akasimama pale na baridi inampiga usoni. Mwaka jana alifunga mlango huu taratibu akaondoka. Nje wanaume walikuwa wanawasha mkaa, Pohl katikati yao.

Akatoka. Akasema kwa heshima, "Mwenyekiti, naomba rafu mbili za friji."

Wanaume wakacheka. Pohl akaeleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba zile ni rafu za bia. Ni hivyo tangu wakati wa baba yake.

Maike akaweka mikono nyuma. "Bia ikipata joto, watu watanuna," akasema. "Saladi ikipata joto, wewe mwenyewe unajua. Mwaka jana ulikuwa wa pili kwenye foleni ya choo."

Mkaa ukalia tu. Kisha Gudrun, mke wa Pohl, aliyekuwa anapanga mikate, akasema, "Wa kwanza, Detlef. Wa pili nilikuwa mimi." Akajifuta mikono, akaingia ndani. Akaanza kutoa chupa. Till akaleta toroli. Makreti mawili yakaenda chini ya ua, kwenye kivuli, na bakuli likaingia kwenye baridi.

Saa nane wakaandaa. Maike akatoa nusu tu ya saladi, nusu akaiacha kwenye friji. Bakuli akalikalisha ndani ya beseni la barafu, na mwiko wake peke yake. Till akasimama karibu na saa ya ukutani, ndiyo, alikuwa ameibeba kutoka nyumbani. Muda ni saa moja tu, akatangaza, kisha bakuli linarudi ndani.

Watu wakapanga foleni. Soseji, mkate, kachumbari ya kabichi, viazi. Wakifika kwenye bakuli la namba kumi na saba, macho yanaruka. Mmoja akasema rangi nzuri, akapita. Mwingine akasema baadaye, akapita. Dakika ishirini zikaisha, na uso wa saladi haukuguswa. Nusu za mayai zilikuwa zimelala pale pale zilipowekwa.

Maike akamtafuta mzee Wrobel. Alikuwa mwisho wa meza ndefu, sahani yake tupu, anaangalia mawingu ambayo hayakuwepo. Till akamwendea akamnong'oneza, babu, kwa nini huchukui.

"Nikianza mimi watasema mzee ana huruma," akajibu chini chini. "Aanze mwingine. Mimi njaa naiweza."

Silke akafika, bado kwenye shati la kazi. Akatazama bakuli, akamtazama binti yake, akataka kuchukua sahani. Maike akatikisa kichwa kidogo. Mama naye ni huruma.

Ndipo Pohl akaja na chupa yake. Alikuwa amekunywa funda moja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekunywa chai ya jana. Akasimama mbele ya bakuli. Watu wakapunguza kutafuna.

"Bia yangu imeharibika kwa ajili ya hii," akasema. "Acha angalau nijue kwa nini."

Akachota kijiko kimoja kwenye sahani, akala palepale amesimama. Akatafuna muda mrefu. Akaangalia ndani ya sahani kama aliyeangusha kitu. Akachota tena, viwili, vitatu, na nusu yai, akageuka kwa wenzake.

"Sogeeni," akasema, "nataka kukaa."

Basi. Gudrun akafuata, kisha wa namba tisa, kisha foleni ikazunguka meza. Dakika ya arobaini Till akatangaza bakuli limekwisha kabla ya muda, akakimbia friji kuleta nusu ya pili. Mtu akamuuliza hii ni mayonezi gani, mbona nyepesi. Till akaanza kuwaeleza vijidudu, mpaka wakamwomba asubiri wamalize kula.

Maike akapeleka sahani mwisho wa meza. "Hii ya kwanza, babu," akasema. "Leo mwisho ni mbili." Halafu akamwambia lile lililokwama mwaka mzima. Akamwambia samahani, na kuhusu maua aliyogeuka nayo pale kituoni. Akamwambia asante.

Mzee Wrobel akaipokea sahani kwa mikono miwili. Akasema tangu mgodi ufungwe hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini makaroni yatandazwe. Miaka yote anajua, na hakuna wa kumwambia. "Kwa hiyo usishukuru peke yako," akasema. "Na mimi nina deni lako la Jumapili tatu." Silke alikuwa amesimama nyuma yao. Akamwekea mzee mkono begani, akauacha pale.

Wote walikuwa wamekaa sasa. Pohl na bia yake ya moto, Gudrun, watoto wa namba tisa, Till na saa yake ya ukutani juu ya mapaja. Aliyebaki wima ni Maike, anahesabu nani amekula na nani bado.

Mzee akasukuma kiti kwa mguu, kikagota kwenye goti la Maike.

"Kaa," akamwambia. "Mpishi naye anakula."

Akakaa.